Majalada Yarudi Nyumbani

Restuta alikubali, lakini kwa shingo upande na kwa sharti.

"Dada Enesi, nakuheshimu," alisema. "Lakini wakimcheka baba yangu, hata mmoja wao, nainuka naye palepale. Cheti chao watabaki nacho."

Enesi akasema sawa. Angesemaje? Alikuwa amebembeleza tangu asubuhi, chai imepoa ikapashwa ikapoa tena, na sasa mlango ulipofunguka kidogo haukuwa wakati wa kubishana. Walikuwa wamekaa barazani kwa Mzee Osea Haonga, pale Vwawa, na mzee mwenyewe alikuwa kwenye kiti chake karibu nao, ungo wa maharage mapajani. Restuta, binti yake, humpa maharage ayachambue ili mikono ipate kazi. Haya, mimi na wewe tukichambua maharage tunatoa mawe na yaliyooza, basi. Mzee Haonga alikuwa akiyapanga: mekundu upande huu, ya madoa upande ule, na yale yasiyojulikana ukoo wake ameyatenga ukingoni yasubiri uamuzi.

Mzee huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa masjala katika ofisi ya wilaya, enzi hizo Songwe haijawa mkoa na wote tuko chini ya Mbeya. Masjala, kwa asiyeijua, ni kile chumba cha majalada ambacho kila ofisi ya serikali inacho, chenye dirisha dogo la kuchukulia na kurudishia. Watu hukipita kama hawakioni mpaka siku jalada lao litakapopotea. Kwa Mzee Haonga halikupotea. Ungemtajia mwalimu wa Mbangala au bwana shamba wa Ikinga, akakuambia kabati gani na rafu gani bila kuinua kichwa. Na sasa mtu huyohuyo alikuwa anauliza choo kiko wapi, ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe tofali kwa tofali. Jamani, ugonjwa wa kusahau hauna adabu hata kidogo.

Enesi alianza kazi chini yake akiwa msichana mwembamba aliyetoka chuoni juzi, ana cheti na hana kingine. Sasa yeye ndiye mkuu wa masjala, ana miwani, ana wajukuu wawili, na vijana ofisini wanamwita mama. Kila Jumamosi, akimaliza sokoni, hupitia kwa mzee kumwamkia. Na kila Jumamosi mzee humwinukia kwa heshima na kumwambia, "Karibu mgeni."

Mgeni. Enesi huketi, akamwambia, mzee, ni mimi Enesi. Naye hutabasamu vizuri kabisa na kusema, "Jina zuri hilo," kama mtu anayelisikia mara ya kwanza. Enesi amezika mume, amezika mama, lakini hakuna kinachomkata maini kama hilo jina zuri. Akirudi nyumbani siku hizo hupika akisahau chumvi.

Na muda ulikuwa umekwisha. Jumapili ile Samwel, kaka yake Restuta, alikuwa anakuja na gari kumchukua baba akaishi kwake Morogoro, kwenye hospitali za karibu na watu wa kushinda naye nyumbani. Restuta ni mwalimu. Hawezi kufundisha huku akili iko kwa baba aliyefungua geti akaelekea asikokujua, na hilo lilishatokea, akapatikana njiani kuelekea Hasamba na viatu mkononi. Kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Lakini Enesi alijua umri wa mzee na alijua Morogoro iko wapi, na alijua kwamba akiondoka Jumapili, kuonana tena ni majaliwa.

Sasa, Ijumaa kabla ya Jumapili hiyo kulikuwa na mkutano wa watunza kumbukumbu wa mkoa mzima, pale Tunduma. Enesi alikuwa kwenye kamati. Ndipo akapata wazo lake. Wastaafu wachache watapewa vyeti vya heshima. Mzee Haonga naye aongezwe. Kwa nje ilikuwa ni heshima tu, na aliistahili. Kwa ndani, Enesi alikuwa na hesabu yake. Ukimweka mzee katikati ya watu wa masjala, akasikia maneno ya kazi, akaona makabrasha mezani, huenda kitu kikaamka, hata kwa dakika moja. Huenda akamtazama na kumwita Enesi. Hilo tu ndilo alilolitaka. Aitwe jina lake na mtu aliyemfundisha kazi, kabla hajaondoka.

Hesabu hiyo hakumwambia Restuta. Restuta angeshika tama na kumwambia aache kujitesa.

Ijumaa asubuhi walimvalisha suti yake ya Kaunda ya kijivu, ile aliyoivaa siku ya kuaga kazi, ikawa inamcheza mabegani. Kalamu mfukoni, nyekundu na ya bluu, kama zamani. Enesi alikaa naye kiti cha nyuma kwenye gari, Restuta mbele na dereva. Kutoka Vwawa hadi Tunduma si mbali, ila ukishafika Mpemba unakutana na foleni ya malori, na hapo unasafiri kwa rehema za Mungu na ujuzi wa dereva wako. Mzee alitazama malori yote yale yaliyopangwa mstari mmoja, tela kwa tela, akaonekana kuridhika nayo. Akauliza nani amepanga. Dereva akacheka, akasema yamejipanga yenyewe yakisubiri kuvuka Zambia, mzee. Mzee akatikisa kichwa kwamba hapana, kitu hakijipangi.

Enesi aliposikia hivyo moyo ulimruka. Hiyo ndiyo sauti yake, alijisemea, huyo ndiye mwenyewe anakuja.

Kumbukumbu zake Enesi zenyewe hazikuhitaji kuamshwa. Njia nzima alikuwa Vwawa ya zamani, kwenye kile chumba chenye harufu ya karatasi, gundi na vumbi la kahawa lililoingia na upepo wa msimu. Alimwona mzee saa tisa na nusu, saa ya kufunga ofisi, akitoka masjala na kusimama koridoni. Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya kumwita mtu mezani: "Majalada yarudi nyumbani." Halafu alipita chumba kwa chumba, Enesi nyuma yake nusu hatua, mikono imenyooshwa mbele. Mwenye jalada mezani alilitoa kwa mikono miwili na kusema, limerudi, mzee. Mzee alilipokea na kulipitisha nyuma bila kugeuka, kwa kuwa alijua mikono ya Enesi ipo.

Hapakuwa na jalada lililolala mezani kwa mtu. Bwana mkubwa mmoja aliwahi kukaza shingo, akasema lake liachwe, atalimalizia kesho. Mzee hakubishana naye. Alivuta kiti, akakaa, akasema hana haraka. Akakaa kweli, anatazama dirishani, mpaka bwana mkubwa akaona aibu na kulitoa. Baadaye alimweleza Enesi kwamba jalada ni mtu. Ndani yake kuna mtu mzima na watoto wake na mafao yake, na mtu halazwi kwenye meza ya mwenzake.

Kisha mlangoni pa masjala, funguo mkononi, aliuliza: yote yamerudi? Enesi alijibu, yote, mzee. Bila jibu hilo hafungi, na Enesi hakuwahi kuthubutu kumdanganya. Ila siku za mvua mambo yalikuwa mengine. Enesi alikuwa akiishi kwao Igamba, na ukikosa gari la mwisho la kutokea Mlowo, ni miguu na tope katikati ya mashamba ya watu. Mawingu yakianza tu kukusanyika, mzee alisema, "Enesi, tangulia. Kwenu mbali." Naye Enesi, msichana, alikuwa akikwapua mkoba na kukimbia bila kugeuka. Hakuwahi kujiuliza nani amebaki kuyapanga majalada peke yake mpaka giza. Leo anajiuliza. Ofisi nzima ilikuwa na watu tele, na ni mmoja tu aliyekuwa anakumbuka kwao Enesi ni wapi.

Basi, wakafika. Ukumbi ulikuwa wa hoteli moja upande wa juu wa mji, mpya, bado unanuka rangi, na mbele limetundikwa bango kubwa kuhusu utawala wa taarifa katika zama za kidijitali. Kila mkutano siku hizi lazima uwe na zama. Ratiba ilisema saa tatu, lakini saa tatu ilipofika viti nusu vilikuwa vitupu. Tunduma simu yako ikinusa tu mtandao wa Zambia inahamia huko bila kukuaga, na saa inarudi nyuma saa nzima, kwa hiyo wageni waliolala karibu na mpaka walikuwa bado wanakunywa chai kwa raha zao. Ashraf, katibu wa chama chao cha watunza kumbukumbu na msema chochote wa siku hiyo, kijana mchangamfu ambaye baba yake alihamia Tunduma na malori kutoka Tanga, alizunguka akiwapigia mmoja mmoja kuwaambia wako Tanzania.

Kila kiti kilikuwa na kabrasha lake la bluu, na ndani karatasi za mada. Enesi alimkalisha mzee safu ya mbele, pembeni. Yeye akakaa upande mmoja, Restuta upande mwingine, mkoba wake mapajani kama mtu anayesubiri gari. Mzee alilichukua kabrasha, akaligeuza, akalinusa kidogo, akapitisha kidole gumba kwenye mgongo wake. Enesi alimtazama huku roho iko mkononi. Mzee akamgeukia, akamwambia kwa upole, "Mgeni, hili halijapewa namba."

Mgeni. Haya.

Vyeti vilitolewa mapema, kabla mgeni rasmi hajachoka. Ashraf alilitaja jina la Osea Haonga kwa sauti ya redio, na mzee akainuka mwenyewe, akatembea vizuri, akasimama wima mbele ya mgeni rasmi. Akapokea cheti kwa mikono miwili. Akakisoma. Kisha akakirudisha. Alimweleza mgeni rasmi, na kipaza sauti kikayachukua maneno, kwamba karatasi hii haina kumbukumbu namba, haiwezi kupokelewa, irudi kwa mwandishi wake. Ukumbi ukaangua kicheko, ila kile cha furaha, na makofi juu, maana walidhani mzee anawatania watu wa fani. Mgeni rasmi naye akacheka, akaomba kalamu, akaandika namba ya kubuni juu ya cheti. Mzee akaikagua, akakubali.

Restuta alikuwa ameshainuka nusu. Enesi akamshika mkono, akamnong'oneza kwamba wanampenda, si wanamcheka. Restuta akakaa, lakini alimtazama Enesi jicho la kumwambia hiyo ni mara ya kwanza.

Mchana ukaenda. Walikula wali na kuku na maharage ya Mbozi, na mzee alikula vizuri. Watu waliopitia Vwawa zamani walikuja kumwamkia, wakiinama. Alikuja Mwanakombo, aliyekuwa mpiga chapa wa ofisi ile, sasa yuko halmashauri nyingine na amenenepa vizuri, akamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili na machozi yakimlenga. Mzee akawaambia wote karibuni wageni. Enesi alisimama pembeni na kuhisi tumaini lake likipungua kama chai kwenye birika la msiba. Hesabu yake ilikuwa imekosewa. Maneno ya kazi yalikuwa yamesemwa tangu asubuhi, watu wa kazi walikuwa wamejaa tele, na mzee wake alikuwa bado yuko mbali. Akataka hata kumwambia Restuta waondoke.

Baada ya chakula ilikuja mada ndefu ya ofisi mtandao. Mtoa mada alikuwa msomi kutoka Dodoma, anajua kazi yake na anaieleza vizuri, ila hakuna msomi duniani anayeweza kushindana na wali wa mchana. Nje malori yalikuwa yanapiga honi. Kwa mbali, upande wa Zambia, mawingu yalianza kupanda meusi. Simu za nusu ya ukumbi zilidai ni saa nane na nusu. Mwili wa Mzee Haonga haukuwa na laini ya Zambia.

Akainuka. Enesi alidhani anataka kwenda msalani, akainuka naye. Lakini mzee hakuelekea mlangoni. Alisimama kwenye njia katikati ya viti, akavuta koti lake likakaa sawa, akasema kwa sauti ile ya kumwita mtu mezani:

"Majalada yarudi nyumbani."

Mtoa mada akanyamaza, mkono ukiwa bado unaonyesha ukutani. Mzee alikuwa ameshafika kwenye safu ya kwanza. Akanyoosha mikono kwa bwana mmoja wa mkoani, na bwana yule, kwa kushangaa tu, akamwachia kabrasha lake. Akaenda kwa wa pili. Wa pili akalishikilia la kwake, akasema mzee, hili ni langu, nimeandika mambo yangu humu. Mzee akabaki amenyoosha mikono, anasubiri, hana haraka.

Ndipo vicheko vikaanza. Huko nyuma kulikuwa na kundi la vijana walioajiriwa juzi, na mmoja wao akasema kitu, wenzake wakajiinamia mabega yakiwatikisika, na mwingine akainua simu juu ili apige picha za video. Kuna watu Mungu amewagawia meno akasahau kuwagawia haya. Ashraf akawa anakuja mbiombio kutoka jukwaani, anatabasamu lile tabasamu la msema chochote aliyeharibikiwa, ili amrudishe mzee kitini.

Restuta alikuwa amesimama, mkoba begani. Hakupandisha sauti. "Dada, mzuie. Tunaondoka."

Enesi alijua sharti. Alikuwa amelikubali kwa mdomo wake mwenyewe, na kumzuia kulikuwa rahisi: angemshika kiwiko, angemwambia mzee tupumzike, naye angekuja, kwa kuwa siku hizi anakwenda popote anaposhikwa kiwiko. Akamsogelea. Akafika nyuma yake, karibu kabisa, akaiona shingo ile na kola ile na yale mabega yaliyopungua. Na mzee, aliyekuwa bado ameshika kabrasha la yule wa kwanza, akalipitisha nyuma bila kugeuka.

Hakutazama kama kuna mtu. Alilipitisha tu, kama anayeweka kitu mezani kwake. Mikono ya Enesi ikalipokea kabla kichwa chake hakijaamua lolote.

Basi hapo Enesi hakumzuia mtu tena. Akanyoosha mikono, akasimama nyuma yake nusu hatua, na Ashraf alipofika akamtikisia kichwa, mara moja, kama anavyowatikisia vijana wa ofisini kwake. Ashraf akasimama. Yule bwana wa pili akawatazama wote wawili, mzee na mama mwenye miwani nyuma yake, akaona haifai. Akatoa kabrasha.

Katikati ya ukumbi Mwanakombo akainuka. Alilishika lake kwa mikono miwili, akangoja mzee afike, akainama kidogo.

"Limerudi, mzee," alisema.

Mzee akaitikia kwa kichwa, akapokea, akapitisha nyuma. Na baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wale waliopitia Vwawa walisimama kwanza, kisha wale waliofundishwa kazi na wale waliopitia Vwawa, kisha wengine ambao hawakujua chochote ila waliona wenzao wamesimama. Limerudi, mzee. Limerudi. Msomi wa Dodoma akashuka jukwaani na la kwake. Mgeni rasmi akalitoa, na hotuba ya kufunga ilikuwa ndani. Mzee alifika hata safu ya nyuma, kwa wale vijana, na simu ilikuwa imeshateremka zamani. Yule wa simu alilitoa kabrasha kwa mkono mmoja. Mzee akangoja. Kijana akaongeza mkono wa pili.

Enesi alikuwa hawezi tena kuyabeba. Mikono ilikuwa inauma, makabrasha yamefika kidevuni, naye analia waziwazi bila mkono wa kufutia machozi. Alikuwa na furaha, tusidanganyane. Alikuwa msichana tena, na koridoni kulikuwa na jua la alasiri na harufu ya gundi. Alipita mbele ya Restuta, na Restuta alikuwa ameketi, mkoba umeanguka miguuni, anamtazama baba yake akifanya kazi. Hakuwahi kumwona akiifanya. Watoto wa watumishi hawaji masjala.

Walirudi mbele. Mzee akaanza kuyapanga juu ya meza kuu, migongo yote upande mmoja, akigonga kingo zikae sawa. Alipomaliza akapapasa mfuko wa koti, akitafuta funguo ambazo hazikuwamo, akasema akiwa ameelekea meza:

"Yote yamerudi?"

Enesi alifungua mdomo aseme yote. Halafu akaliona, kwenye kiti chake, safu ya mbele: kabrasha lake mwenyewe.

"Bado moja, mzee," alisema.

Akalifuata. Akarudi nalo, akafuta uso kwa kiganja, akasimama mbele ya mzee badala ya nyuma yake. Akalitoa kwa mikono miwili.

"Limerudi, mzee. Sasa yote yamerudi."

Mzee akalipokea. Akainua macho, akamtazama. Alimtazama vizuri, miwani, kitambaa cha kichwani, machozi na yote, na Enesi akasimama pale kama mwanafunzi anayesubiri matokeo ubaoni. Macho ya mzee yalikuwa safi, ya mtu aliyeko kazini kwake na anayejua anachofanya. Sasa, alijisemea Enesi. Sasa hivi.

"Asante sana, mgeni," mzee alisema. "Umetusaidia kazi."

Akageuka kuliweka juu ya mengine. Akaligonga likae sawa. Kisha akatazama dirishani, ambako mawingu yalikuwa yamefika juu ya malori na taa za mbele zimeanza kuwashwa, na uso wake ukaingia wasiwasi. Akatazama huku na huku, akawapita watu wote kwa macho, akampita hata Enesi.

"Enesi yuko wapi?" aliuliza. "Mwambieni atangulie. Kwao mbali, mvua hiyo inakuja. Haya mengine nitamalizia mimi."

Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama Enesi. Mwanakombo alikuwa ameziba mdomo. Restuta alikuwa amesimama tena, lakini safari hii hakusema waondoke.

Enesi alitaka kusema mzee, ni mimi. Lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini alimwona jinsi anavyohangaika, anavyotazama dirisha na mlango, dirisha na mlango, akimwogopea msichana mmoja asije akanyeshewa njiani. Kumwambia ni mimi kungekuwa kumnyang'anya yule msichana, na badala yake kumpa mama mzima asiyemjua.

"Nitamwambia, mzee," alisema.

"Mwambie asingoje."

"Hatangoja."

Mzee akapumua, akatulia. Akavuta kiti, akaketi mbele ya makabrasha, akatoa kalamu nyekundu mfukoni na kuanza kuyapa namba. Restuta akaja akakaa karibu na baba yake, akawa anamsogezea moja moja.

Enesi akachukua mkoba wake. Akapita katikati ya viti, watu wakimpisha, akafungua mlango. Matone ya kwanza yalikuwa yameshaanza kuanguka kwenye ngazi. Akatangulia.